Faiba kwenye injini ya ndege: usipime ukali wa mwanga

Wengi wakisikia habari za kihisi cha faiba (kipimaji kinachotumia uzi wa kioo unaopitisha mwanga) kwenye injini ya ndege, huuliza kwanza kuhusu joto. Joto lina dawa yake. Msumbufu hasa ni konekta, yaani kiungio cha faiba.

Kiini cha faiba ya modi moja, yaani sehemu ya katikati inayopitisha mwanga kwa njia moja tu, kina upana wa maikromita 9 hivi. Punje moja ya vumbi, au konekta iliyolegezwa na mtikisiko, inatosha kuufifisha mwanga. Desibeli 3 zikipotea, nusu ya mwanga imekwenda. Sasa kama joto unalipima kwa ukali wa mwanga, kompyuta ya injini itaona joto limeshuka kumbe ni uchafu tu, na inaweza kuongeza mafuta. Kwa hiyo kipimo kibebwe na urefu wa wimbi, au na muda.

Ndiyo njia ya greti ya Bragg: michirizi iliyochorwa ndani ya kiini kwa miali ya urujuanimno, inayorudisha urefu mmoja tu wa wimbi. Karibu na nanomita 1550, joto likipanda digrii 1 ya Selsiasi, wimbi husogea pikomita 10 hivi. Mtego wake: mvutano wa maikrostreni 1 (kurefuka kwa sehemu moja katika milioni) nao hulisogeza wimbi pikomita 1.2. Ukiigundisha kwenye ganda la injini, ganda likitanuka unasoma joto ambalo halipo. Itie kwenye kijibomba cha chuma cha pua, ifunge ncha moja tu, nyingine iachwe huru.

Angalia pia koti la faiba. Koti la plastiki ya akrileti huishia takriban digrii 85, la plastiki ya poliimaidi 300, la dhahabu kama 700. Greti za kawaida nazo hufutika zikikaa kwenye joto kali. Penye gesi ya moto hutumika kijiti cha yakuti samawi chenye ncha inayong'aa kwa joto; unalinganisha mwanga wake kwa rangi mbili, na uwiano huo haujali sana konekta.

Mradi wa FOCSI wa NASA na Jeshi la Wanamaji la Marekani ulijaribu vihisi vya mwanga kwenye ndege ya kivita ya F/A-18, yenye injini za F404. Vihisi havikuhitaji umeme, lakini sanduku la kusoma mwanga lilihitaji, na elektroniki ndiyo inayoogopa joto.

Kwenye karakana: kagua kwa hadubini, safisha kwa alkoholi ya asilimia 99 na kitambaa kisichotoa nyuzi, kausha, kagua tena, ndipo uunganishe. Hewa ya kompresa usiitumie, hubeba mafuta. Na kifuniko cha konekta, kinachodhaniwa ni kinga, mara nyingi ndicho chenye vumbi.