Mzee wa magongo mawili

Muhula huu tunasoma The Crucible, tamthilia ya Arthur Miller kuhusu kesi za kweli za uchawi za mwaka 1692 huko Salem, mji wa hapahapa Massachusetts, wasichana walipowataja majirani kuwa wachawi. Darasa letu ni la jioni, hapa Lowell, Massachusetts, na mimi hufika moja kwa moja kutoka kwa wazee ninaowahudumia, mikono bado ikinukia losheni ya kuwapaka. Wenzangu wameshikwa na John Proctor, yule anayetia sahihi ungamo la uongo kisha akalichana ili jina lake lisibandikwe kwenye mlango wa kanisa. Wana haki. Mimi nimeshikwa na mzee asiyepanda jukwaani hata mara moja.

Anaitwa George Jacobs. Mwisho wa sehemu ya kwanza, wasichana wanapopayuka majina ya watu, lake limo: eti ameonekana na Shetani. Katika sehemu ya tatu, Giles Corey, mkulima mzee, anaingia mahakamani na kusema waziwazi kwamba Thomas Putnam ndiye aliyemchochea bintiye amtaje Jacobs. Mtu akinyongwa kwa uchawi mali yake huchukuliwa, na pale kijijini hakuna mwingine mwenye fedha za kununua shamba kubwa kama lile.

Hapo nilifunga kitabu. Mimi ni mzaliwa wa Kilifi.

Kwetu wazee wameuawa kwa panga, usiku, kwa kuitwa wachawi. Ukifuatilia, mara nyingi unakuta shamba: mpaka unaogombewa, minazi ya urithi, vijana wanaotaka kuuza na mzee anayekataa. Mvi zake ndizo zinazogeuzwa ushahidi. Ndiyo maana wapo wazee wanaopaka nywele rangi, si kwa urembo.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, mtoto mchanga wa ami yangu alikufa kwa homa. Baada ya matanga watu wazima walikaa chini ya mkorosho, wakaniita. Mmoja wao, mtu wa ukoo wetu, alinipa andazi, akaniuliza kwa upole kabisa: babu yako hutoka nje usiku? Nikasema ndiyo. Ilikuwa kweli. Mahindi yalikuwa yamekomaa na nguruwe mwitu walikuwa wakiingia shambani. Babu alikuwa akilala huko na debe lake la kugonga. Lakini hakuna aliyeniuliza hutoka kufanya nini, nami sikuongeza neno. Niliwaona wakitazamana. Nikala andazi.

Kesho yake asubuhi babu aliniita uani, akanipa mswaki mkuukuu na kibakuli cha piko. Nikampaka kichwa kizima, na nyusi. Hakusema kitu. Miezi michache baadaye alihamia Mombasa kwa shangazi, chumba kimoja Kisauni, akafia huko. Shamba likauzwa na wengine.

Kwa hiyo mwalimu alipotuuliza ni mhusika gani tunayemwelewa zaidi, nilisema Giles Corey. Katika sehemu ya kwanza, Giles anauliza tu, kama mtu anayepiga soga, kwa nini mkewe Martha anasoma vitabu usiku na kumficha. Ni kweli anasoma. Muda si mrefu Martha yuko gerezani, na Giles anazunguka akilia kwamba yeye hakumwita mkewe mchawi, alisema tu anasoma vitabu. Baadaye, akitakiwa kumtaja mtu aliyempa habari za Putnam, anafunga mdomo. Ameshajua jina likitoka kinywani linakwenda wapi. Giles wa kweli alikuwa na umri wa miaka kama 80. Alikataa kujibu mashtaka, wakamrundikia mawe kifuani mpaka akafa, Septemba 1692.

Miller aliandika haya kwa kuwa aliyaona. Tamthilia ilionyeshwa mara ya kwanza New York mnamo Januari 1953, wakati Marekani ikiwasaka wakomunisti, na njia ya kujisafisha ilikuwa kuwataja wengine. Mwaka 1954 walimnyima pasipoti asiende Brussels kuona igizo lake hilihili. Mwaka 1956 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge, akaeleza habari zake mwenyewe, akakataa kutaja wenzake. Mwaka uliofuata alitiwa hatiani kwa kuidharau kamati. Rufaa ikaifuta hukumu hiyo mwaka 1958.

Jambo moja sikubaliani naye. Abigail Williams, kiongozi wa wale wasichana wanaotaja majina, kwa kweli alikuwa na miaka 11 au 12, na Proctor alikuwa mzee wa miaka kama 60. Miller alimfanya Abigail msichana wa 17, akampa mapenzi na Proctor na kisasi cha kukataliwa. Jukwaani inapendeza. Lakini mimi nilimhitaji yule wa miaka kumi na mmoja, aliyezungukwa na watu wazima wanaouliza maswali huku wakijua jibu wanalolitaka.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Salem, treni mbili, unabadilisha Boston. Kando ya makaburi ya zamani kuna ukumbusho uliojengwa mwaka 1992: mabamba 20 ya mawe yaliyochomoza ukutani kama viti, kila moja na jina, namna ya kifo na tarehe. Kumi na tisa walinyongwa. Wa ishirini ni Giles. Chini, kwenye mawe ya kizingiti, yamechongwa maneno ya washtakiwa wakijitetea, na ukuta unayakata katikati ya sentensi. Nilikaa karibu na jiwe la George Jacobs, 19 Agosti 1692, siku aliyonyongwa Proctor pia. Alikuwa mkongwe, akitembelea magongo mawili. Mmoja wa waliotoa ushahidi dhidi yake alikuwa Margaret, mjukuu wake wa damu. Naye alikuwa ameshtakiwa, na aliyekiri aliachwa hai. Kisha dhamiri ikamshinda, akaikana kauli yake akiwa gerezani, akijua kwamba hilo lingeweza kumfikisha kwenye kamba. Babu yake walimnyonga hata hivyo. Yeye akaokoka.

Miller hakumweka Margaret kwenye tamthilia yake. Insha yangu ya mwisho wa muhula itamhusu yeye.

Nilipofika nyumbani usiku nilimpigia mama. Kilifi kulikuwa kumekucha, nilisikia akipepeta mchele. Nikamuuliza nililoogopa kumuuliza miaka yote: babu alijua kwamba ni mimi?

"Alijua," akasema. "Jioni ileile aliambiwa. Mimi nilitaka kukuchapa, akanikataza. Akasema asubuhi nimpe piko, na atakayempaka ni wewe."