Ranglo na Wenye Maduka

Nilipokuwa nikisoma Ahmedabad, nchini India, mwenzangu wa bwenini alinialika kwao kijijini, kaskazini mwa Gujarat, katika siku za Navaratri, sikukuu ya Kihindu ya mikesha tisa, ambapo kundi la bhavai, maigizo ya jadi ya Gujarat, lilikuwa likicheza usiku kucha mbele ya hekalu la mungu wa kike Amba. Tuliketi chini tukiuzunguka uwanja usiokuwa na jukwaa wala pazia. Kigujarati sikukijua, hivyo babu yake mwenzangu alinifafanulia mambo kwa Kihindi cha taratibu.

Yalipolia mabaragumu marefu ya shaba yaitwayo bhungal, aliingia Ganapati, mungu mwenye kichwa cha tembo, yaani mchezaji aliyejiziba uso kwa sinia, kwani mchezo haufunguliwi bila yeye. Babu akautumia muda huo kunisimulia habari za Asaita Thakar, Mbrahmini (mtu wa tabaka la makuhani) wa karne ya 14 ambaye, kwa mujibu wa mapokeo, alikula sahani moja na binti aliyetekwa, mtoto wa mkulima, ili mtekaji asadiki kuwa binti huyo ni wa Asaita na kumwachia. Wabrahmini wenzake walimtenga kwa kosa la kula na mtu wa tabaka jingine, naye akaishi kwa nyimbo na maigizo. Inasemekana alitunga michezo 360, ambayo mingi imekwisha kupotea.

Ukafuata mchezo wa Kajoda, wa mwanamke mtu mzima aliyeozwa mume mtoto. Mke aliigizwa na mwanamume, kama ilivyo desturi, na wanja wake wa macho ulikuwa umechorwa kwa ustadi kuliko alivyonyolewa kidevu. Kwa maoni yangu malalamiko yake yalirefushwa mno, ingawa wanawake waliokuwa nyuma yetu hawakuonyesha kuchoka.

Kilichonikamata hasa ni Ranglo, mcheshi wa kundi, ambaye kazi yake ni kumkatiza Nayak, kiongozi wao, kila anapotaka kusema jambo la maana. Katikati ya maneno ya Nayak alichuchumaa, akashusha miwani isiyokuwepo hadi ncha ya pua, akalamba kidole na kufunua daftari la hewani, kisha akamuuliza mteja hali ya mama yake huku kidole chake cha mwisho kikiukandamiza mzani polepole. Hapo sikumhitaji babu. Nimekulia Dar es Salaam, katika mtaa wenye maduka ya watu ambao babu zao walitoka Gujarat, na ile namna ya kulamba kidole niliifahamu tangu nilipokuwa nikitumwa sukari.

Waliocheka kuliko wote ni wenye maduka wa kijiji, walioketi mbele kabisa. Mmoja wao, bwana mnene mwenye shali, alipaza sauti kumkosoa Ranglo: mzani haukandamizwi kwa kidole cha mwisho, bali kwa gumba! Ranglo akarudia kama alivyoelekezwa, akamwendea akiwa amefumbata mikono, akamgusa miguu kama mwanafunzi amgusavyo mwalimu wake, kisha akaomba kuajiriwa. Yule bwana, machozi ya kicheko yakimtoka, akampa noti, na Ranglo akaiinua kwenye mwanga kuikagua kama si ya bandia.