Siku moja kwenye chumba cha kusafisha damu, Agosti 2021

Saa 11 alfajiri. Nipo kituoni Mbagala nasubiri daladala, barakoa usoni. Ni Jumatano, siku ya wagonjwa wa figo wa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Saa 11:50. Nawasha mashine na kupima maji. Mgonjwa mmoja hutumia kama lita 120 kwa saa nne, na klorini ikibaki humo inaharibu chembe za damu. Hapa sina haraka, hata wakigonga mlango.

Saa 12:30. Uzito, presha, joto la mwili. Kitanda cha nne yupo mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori. Naweka vidole juu ya fistula yake, mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili sindano za mashine zipite, mkono wa kushoto. Damu inatetema chini ya ngozi kama nyuki aliyefungiwa kiganjani. Mshipa mzima huo, tunamshukuru Mungu. Mkono huu haupimwi presha wala hauchomwi sindano nyingine yoyote, maana ndio uhai wake.

"Sista, Jumamosi nilikwenda kuchanja ile ya UVIKO, nikarudi hivi hivi."

Anasema mchanjaji wa kituo kimoja alimkunja shati upande huo huo wa kushoto. Mzee akagoma. Akaambiwa basi, wagonjwa wa figo wasubiri kwanza. Roho iliniuma, kwa sababu mzee ndiye aliyekuwa sahihi. Tangu Rais Samia Suluhu Hassan achanjwe Ikulu tarehe 28 Julai, waliotangulizwa ni wahudumu wa afya, wenye miaka 50 na kuendelea, na wenye magonjwa sugu. Yeye anaingia mara mbili.

Na hawa wangu hawawezi kujifungia ndani wakiogopa UVIKO. Mara tatu kwa wiki, au mbili kwa asiye na bima anayejikamua, lazima wapande gari, walale chumba kimoja kitanda kwa kitanda. Akikosa awamu mbili, maji yanaweza kumpanda mapafuni.

Saa 1. Wote wameunganishwa. Chai ya haraka.

Saa 3:15. Mzee hajamaliza. "Nasikia hii ya Johnson & Johnson inagandisha damu. Mimi damu yangu inapita kwenye mipira, itakuwaje?" Swali zuri, nami sikutaka kumpoza kwa maneno matamu. Nikamwambia tatizo hilo lipo, ni nadra sana. Marekani waliisimamisha kwa siku kumi mwezi Aprili, wakachunguza, wakairudisha. UVIKO wenyewe hugandisha damu mara nyingi zaidi. Nikamwita daktari naye aseme, maana mzee anastahili kusikia kwa watu wawili.

Bibi wa kitanda cha tano akadakia: "Nikichanjwa ndiyo nimepona barakoa?" Hapana, bibi. Mwili wenye figo zilizochoka hujenga kinga kwa shida. Ndiyo maana hata chanjo ya homa ya ini B tunawapa dozi maradufu. Kwa hiyo barakoa ibaki, na wanaoishi nawe wachanjwe pia, wakuzunguke kama uzio.

Saa 4:45. Nawatoa mmoja mmoja, nabana matundu ya sindano hadi damu ikate. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, bado imo mwilini, kwa hiyo namwambia mzee achanje kesho, siku asiyo na mashine, kisha akandamize pamba dakika kadhaa. Nikachukua kalamu nikamwandikia nyuma ya kadi ya kliniki, herufi kubwa: MGONJWA WA FIGO. ACHANJWE. MKONO WA KULIA TU.

Saa 5:30 hadi saa 11 jioni. Zamu ya pili. Mmoja presha ilishuka, tukaiwahi.

Saa 2 usiku. Simu. Binti wa mzee anauliza kesho waende saa ngapi. Waende akina nani? "Sote, sista. Mama, mimi, kaka zangu wawili na shemeji."

Nikamwambia wawahi asubuhi, na kadi ya baba aishike yeye mkononi.