Mkono wa bibi, simu ya kijana

Miaka sita ya Sweden ilinisahaulisha kwamba kwetu Kigoma mtoto ni wa kila aliye karibu. Göteborg ninakoishi, utapanda tramu mwaka mzima na hakuna atakayemgusa mwanao hata kofia. Kule hata mzazi kumchapa mwanawe kulipigwa marufuku mwaka 1979, kabla ya nchi nyingine yoyote, sembuse mpita njia.

Sasa tuko likizo Ujiji. Juzi nimekwenda Kibirizi na mama mdogo kutafuta dagaa wa kurudi nao. Sijamaliza kuulizia bei ya sado, nageuka, binti yangu wa miaka mitatu hayupo mkononi. Yupo mapajani kwa bibi mmoja muuza migebuka, tusiyemjua kwa jina wala kwa sura. Bibi anachambua samaki wa kuchoma kwa kidole gumba, anaionja nyama mwenyewe kwa ncha ya ulimi asije akaacha mwiba, halafu anamlisha. Tonge lile lile! Mwili ulinisisimka.

Nilikuwa nafungua mdomo niseme nilivyozoea kule, kwamba mwanangu haguswi bila kuniuliza, mama mdogo akaniwahi kwa jicho.

"Shikamoo mama. Tumwombe huyo mjukuu wako, ana haja ndogo."

"Marahaba. Haya mpelekeni upesi, asije akanilowesha."

Basi, yameisha. Hakuna anayeng'ang'ania mtoto mwenye mkojo. Njiani mama mdogo akaniambia ukimwambia bibi kama yule "usimguse", umemwita mchawi mbele za watu. Na mimi nikagundua jambo jingine: mtoto akiwahi kutoa mkono na kuamkia, mtu mzima anashughulika na kuitikia, anasahau kumnyanyua. Tumefanya mazoezi usiku kucha. Kinachotoka ni "kamoo", lakini kinatosha.

Ila heshima hiyo sina kwa kila mtu. Kule Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, karibu na soko, kijana alimwelekezea binti simu akimrekodi anavyoongea Kiswidi, huku akicheka, "Sema tena, mzungu!" Huyo sikumtafutia udhuru.

"Mdogo wangu, ifute. Sasa hivi, nikiona."

"Dada mbona unaringa? Ni mapenzi tu."

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, ila pale barabarani ningeitaja ningechekwa. Aliyeniokoa ni dereva wa bodaboda aliyekuwa akisubiri abiria: "We, mfutie mama mtoto." Akafuta. Nikamwambia afungue na lile kapu la vilivyofutwa, maana simu nyingi huvihifadhi humo siku kadhaa, na jioni mwenyewe angeweza kukirudisha kile kipande. Alinuna, akakitoa na humo. Anune tu. Tonge la bibi linaishia tumboni. Ile video sijui ingeishia wapi.

Leo asubuhi tumerudi Kibirizi, dagaa hawakutosha. Bibi katuona kwa mbali, anaita, "Mjukuu wangu huyo!" Binti akanyoosha mkono, "Kamoo", vizuri kabisa kama tulivyofanya mazoezi. Kisha akajipandia mwenyewe mapajani na kuachama.

Nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamwomba bibi tunawe kwanza, wote watatu.