Jiliwa Kwanza, Randa Baadaye

Wageni wengi wanaoingia katika karakana yangu ndogo hapa Dodoma hukimbilia rafu yenye randa za kale, na siwalaumu, kwa kuwa randa iliyosafishwa vizuri ni kitu cha kupendeza machoni na mkononi. Hata hivyo, kifaa kilichobadilisha kazi yangu kuliko vyote ni jiliwa, yaani kibanio cha chuma chenye mataya mawili, lililofungwa ubavuni mwa benchi, ambalo wageni hao hulipita bila kuliangalia. Kama leo ningeanza upya kukusanya zana za kale za useremala, ningetafuta jiliwa kwanza, hata kama ningelazimika kukaa mwaka mzima bila kununua kitu kingine.

Nilijifunza kazi hii kama mafundi wengi wa huku walivyojifunza. Ubao hulazwa juu ya benchi na kuzuiwa kwa msumari uliopigiliwa mbele yake, na unapotaka kupiga randa ukingoni, unaubana kwa magoti au unamwita kijana aje kuushika. Nimeona makabati ya mninga yaliyotengenezwa kwa njia hiyo ambayo ningejivunia kuyaita yangu, lakini ninajua pia jinsi mgongo unavyouma jioni, kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu za fundi huishia katika kuuzuia ubao usikimbie badala ya kuusukuma mkono unaofanya kazi.

Jiliwa langu nililikuta kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kule Chang'ombe, limelala chini ya rimu za baiskeli, mataya yake yamefumbana na parafujo yake haizunguki hata kidogo.

"Shikamoo mzee," alisema kijana aliyekuwa kwenye mizani. "Hilo ni uzito tu, halifunguki. Limetoka Kongwa."

"Marahaba mwanangu. Wewe lipime tu."

Uzito wake ulizidi kilo 15, nami nikalipa kwa kilo kama anayenunua nondo zilizopinda. Neno Kongwa halikunishangaza. Huko ndiko serikali ya Uingereza ilikoanzisha mpango mkubwa wa kilimo cha karanga mwaka 1947, ikaleta matrekta, mitambo na karakana, kisha ikauacha mwaka 1951 baada ya ukame na udongo mgumu kuwashinda wataalamu wake. Zana za chuma hudumu kuliko mipango iliyozileta.

Kabla ya kulipa nilifanya jambo moja ambalo ninamsihi kila mnunuzi alifanye. Mwili wa jiliwa la aina hii ni chuma cha kusubu, yaani kile kinachomiminwa kwenye kalibu kikiwa majimaji, na chuma hicho hakipindi: kikizidiwa hupasuka. Kukiunga si kazi ya fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea, kwa kuwa kikipoa haraka hupasuka tena pembeni mwa kiungo. Kwa hiyo nililigonga taratibu kwa kipande cha mti na kusikiliza. Chuma kizima hulia kama kengele ndogo, na chenye ufa hutoa sauti butu. Kisha nilipitisha kucha kwenye pembe zote ambako mataya hukutana na mwili, maana huko ndiko nyufa hujificha chini ya rangi na uchafu.

Kutu haikuwa nyingi. Hili ni jema la nchi kame kama yetu, ambayo mvua zake huanza Desemba na kwisha Aprili. Randa nilizonunua Tanga na Dar es Salaam zilikuwa zimeliwa na chumvi ya bahari kiasi kwamba mbili kati yake uso wa chini haukuweza kusawazishwa tena. Adui wa zana za Dodoma ni vumbi. Grisi ya miaka mingi ilikuwa imenasa vumbi jekundu hadi vyote viwili vikawa kitu kimoja kigumu kama tofali, na hicho ndicho kilichoifunga parafujo. Nilililaza jiliwa ndani ya karai la mafuta ya taa kwa siku nne, nikilisugua kila jioni kwa brashi ya waya, na siku ya tano mpini ukazunguka. Vipande vidogo vyenye kutu nilivitia katika siki usiku mmoja, kisha nikavisuuza kwa maji yaliyoyeyushwa magadi ili kuiua tindikali, nikavikausha juani na kuvipaka mafuta papo hapo, kwa sababu chuma kilichotoka kwenye siki hushika kutu upya kwa muda mfupi sana.

Uchafu ulipotoka, maandishi yalijitokeza: Record, namba 52½, kutoka kiwanda cha C & J Hampton cha Sheffield, Uingereza. Mataya yake yana upana wa inchi 9, karibu milimita 229, na rangi yake ya buluu bado ilionekana kwenye mabonde ya chuma. Sikulipaka rangi mpya. Najua wapo wakusanyaji wanaong'arisha kila kitu hadi kifanane na kilichotoka dukani jana, lakini kwangu rangi mpya huficha nyufa na haiongezi nguvu ya kubana.

Uzuri wa jiliwa hili umo katika nati yake. Si nati nzima bali ni nusu, inayosukumwa na springi ikumbatie hesi za parafujo, yaani meno yake yanayoizunguka, kwa upande mmoja tu. Ukibonyeza kiwiko kidogo kilicho mbele, nusu nati hiyo huachia, na taya la mbele hutelezeshwa kwa mkono mmoja hadi unapotaka; ukikiachia, nati hukamata tena na nusu mzunguko hutosha kukaza. Springi ya jiliwa langu ilikuwa imekatika, nikaweka nyingine. Sasa sipaki grisi tena. Mafuta mepesi kidogo kwenye hesi na nta ya mshumaa kwenye fito mbili za kutelezea vinatosha, kwa kuwa nta haikamati vumbi.

Kulifunga kulinichukua muda mrefu kuliko kulisafisha. Kingo za juu za mataya ya chuma lazima zikae chini kidogo ya uso wa benchi, na vipande vya mbao vinavyofungwa juu ya mataya hayo ndivyo vilingane na uso huo, ili kisu cha randa kisikutane na chuma hata siku moja. Nilitumia mbao za mkongo. Na jambo ambalo wengi hulipuuza: ukibana kitu upande mmoja tu wa mataya, taya la mbele hukaa mshazari na fito huumia, kwa hiyo weka kipande chenye unene uleule upande wa pili.

Ubao wa kwanza niliobana ulikuwa wa mninga, urefu wa mita moja na nusu. Nilichukua randa ya Stanley namba 4 ambayo kwa miaka miwili nilikuwa nikiilaumu kwa kuchimbua nyuzi, na kwa mara ya kwanza mikono yote miwili ilikuwa juu ya randa. Maranda yalitoka marefu na membamba. Tatizo halikuwa kisu. Ubao ulikuwa ukitetemeka, na kila unapotetemeka kisu huruka na kuuma vibaya. Ndipo nilipopata utulivu wa kuitengeneza randa hiyo ipasavyo, nikasogeza kibati kinachokaa juu ya kisu hadi karibu nusu milimita kutoka kwenye makali, na kuichongea mpini mpya wa mpingo, mti ambao ni wa jenasi moja, Dalbergia, na mbao zilizotumiwa kwa mipini ya awali.

Kijana wa Chang'ombe sasa hunipigia simu kila anapopata chuma chenye parafujo. Mwezi uliopita aliniletea jiliwa dogo lenye taya lililovunjika, nami nikalinunua kwa bei ileile ya kilo, kwa sababu nusu nati yake bado ni nzima, na hesi za nati yangu zimeanza kulika.