Silinda ya tatu ilivyoniamulia bei ya Beetle

Gari la kale la kwanza kununua nililinunua kwa macho. Rangi iling'aa, injini ikawaka mara moja, nikatoa hela. Haukupita muda likaanza kunywa oili na kutoa moshi wa bluu kila nilipoteremka mlima. Kwa hiyo nilipokwenda kuangalia Volkswagen Beetle ya 1968, yenye injini ya 1500, nilibeba geji ya kompresheni (kipimo cha mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), spana ya plagi, daftari na kalamu.

Mwenye gari alikuwa mzee mpole. "Kijana wangu, injini hii ilifunguliwa ikafanywa upya. Nunua uondoke nayo." Nikamwambia, "Mzee, neno lako nimelisikia, ila niruhusu nitoe plagi." Akacheka, akanifungulia mlango wa nyuma wa injini.

Kosa langu lilikuwa haraka. Injini ilikuwa baridi, nikatoa plagi ya silinda ya 1 peke yake, nikafunga geji, nikamwomba mjukuu wake apige stata. Sindano ikasimama kwenye psi 80 (psi ni kipimo cha shinikizo, kama kwenye tairi). Nikairudisha plagi, nikahamia silinda ya 2: psi 78. Moyo ukanishuka, nikaanza kukusanya vifaa. Kisha nikajiuliza: injini iliyochoka kiasi hiki imewakaje kirahisi hivi? Ndipo nikakumbuka kwamba hakuna aliyekanyaga mafuta. Kabureta ikiwa imefungwa, pistoni inavuta hewa kidogo tu, na hewa kidogo hata ukiigandamiza vipi haiwezi kutoa namba kubwa. Juu ya hapo plagi nyingine zilikuwa bado ndani, stata inahangaika, betri nayo ya zamani.

Nikaanza upya. Tuliwasha gari mpaka likapata moto wake, nikatoa plagi zote nne, nikachomoa waya wa koili ili cheche zisirukeruke, nikaazima betri yenye nguvu. Mjukuu akakanyaga mafuta hadi mwisho, akapiga stata mizunguko sita kwa kila silinda. Nilihesabu kwa sauti ili zote zipate sawa.

Silinda ya 1: 118. Ya 2: 120. Ya 3: 82. Ya 4: 116.

Kuhusu hizo tatu nzuri, mtu aliyezoea magari ya siku hizi angeguna, maana huko psi 180 si ajabu. Lakini injini hii imetengenezwa kwa uwiano wa mgandamizo wa 7.5 kwa 1 tu, yaani hewa hubanwa mara saba na nusu, na kwake namba kati ya 110 na 130 ni afya. Ingenionyesha 170 ningeogopa zaidi, kwa sababu hapo mara nyingi ni masizi yamejaa juu ya pistoni na kupunguza nafasi ya hewa.

Ya 3 ndiyo iliyonishughulisha. Kipimo ninachotumia ni kwamba silinda dhaifu isiwe chini ya robo tatu ya ile bora. Robo tatu ya 120 ni 90, kwa hiyo 82 imeanguka. Ila namba ya mwisho haisemi ugonjwa. Nilirudia silinda hiyo nikiangalia sindano inavyopanda. Ringi za pistoni, yaani pete zinazoziba pembeni mwake, zikiwa zimechoka, sindano huanza chini kisha hujikongoja juu kila mzunguko, kwa sababu mgandamizo unaongezeka kidogo kidogo. Hapa ilipanda hatua moja hafifu, ikaongeza kidogo, ikagoma. Huo ni mwendo wa valvu isiyoziba, yaani kilango kinachopitisha hewa au moshi.

Nikamwaga kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi na kupima tena: 86. Kama ni ringi, oili ingeziba pengo na namba ingeruka. Ila jibu hilo nililipokea kwa tahadhari, maana silinda za Beetle zimelala ubavu, oili hutuama upande wa chini na haizunguki ringi yote. Kwenye injini iliyosimama wima ningeliamini zaidi.

Mzee akaniuliza, "Kwa nini hiyo ya tatu tu?" Swali zuri. Kwenye injini za Beetle za miaka hiyo, kipoza oili kimesimama ndani ya kasha la feni, upande wa kushoto, na hewa ya kupoza silinda ya 3 hupita kwanza kwenye kipoza hicho chenye moto. Ilikuwa hivyo mpaka matoleo ya 1971 yalipokihamishia pembeni. Kwa hiyo silinda hiyo huishi kwenye joto kuliko wenzake, na valvu yake ya kutolea moshi ndiyo inayoteseka. Asiyekagua tapeti, yaani nafasi ndogo kati ya valvu na mkono unaoisukuma, huanza kulipia hapo.

Tapeti za Beetle hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, hivyo nilirudi kesho yake asubuhi. Nikalala chini ya gari, nikasukuma waya unaoshika kifuniko, nikazungusha injini mpaka silinda ya 3 ikawa imefunga valvu zote mbili. Bamba la kupimia nafasi hiyo, la 0.15 mm, halikuingia kwenye valvu ya kutolea moshi. Hata bamba jembamba kuliko yote niliyokuwa nayo halikuingia. Maana yake valvu ilikuwa haikai sawasawa kwenye kiti chake, na kiti ndicho kinachoipunguzia joto. Ikikosa kukaa, inaungua ukingo.

Nikaseti tapeti zote kwa 0.15 mm, tukapasha injini, nikapima upya. Silinda ya 3 ikasoma 91.

"Si umesema 90?" mzee akafurahi. "Imepita!"

Kwa hesabu, ndiyo. Lakini psi moja juu ya mstari wa kukataliwa haikunituliza. Mpira wa geji yangu una valvu ndogo kama ya tairi. Nikaitoa, nikaunganisha mpira na kompresa ya hewa. Pistoni nikaileta juu kabisa, rota ya distribyuta ikielekea silinda ya 3, gia ya nne imeingizwa na breki ya mkono imevutwa, kwani hewa ikiikuta pistoni kando kidogo huizungusha injini. Nikafungua hewa na kusikiliza. Kwenye kabureta kimya. Kwenye mdomo wa kujazia oili, mvumo mdogo wa kawaida. Nikamwita mzee aweke sikio kwenye bomba la moshi. Alisikia mluzi mwenyewe, yaani hewa ikivuja kupitia valvu ya kutolea moshi, akanyamaza.

Tulikaa chini tukazungumza. Nilimweleza kwamba ringi ni nzima, puli iliyo kwenye mwisho wa shafti kuu nimeivuta na kuisukuma haigongi, kwa hiyo tumbo la injini halinitishi. Kinachotakiwa ni kushusha injini, kufungua silinda hedi ya kushoto na kubadilisha valvu. Akakubali kupunguza gharama za kazi hiyo kwenye bei. Hatukugombana, kwa sababu nilichokuwa nakisema alikuwa amekisikia kwa sikio lake.

Nilipofungua hedi, ukingo wa valvu ulikuwa umeliwa sehemu moja, kama biskuti iliyomegwa na panya. Kuta za silinda zilikuwa safi. Baada ya kurudisha injini na kuitembeza kidogo nilipima tena: 119, 120, 117, 117. Sasa kila nikikagua tapeti, naanza na ile ya 3.