Jioni Daktari Alipougonga Mgongo wa Baba

Daktari wetu alikuwa na tabia moja iliyowakera wengi: hakuwa na haraka. Ukiwa umekaa benchi nje ya chumba chake ungemsikia akimuuliza mtu habari za mkwewe, huku wewe homa inakupanda. Watu walinung'unika lakini hawakuhama. Mji wenyewe mdogo, na wapo aliowapokea wakizaliwa ambao baadaye walimletea watoto wao. Mafaili alikuwa nayo kabatini, lakini mengi aliyabeba kichwani.

Baba alikuwa amekohoa kwa wiki kadhaa, kikohozi kikavu, na ubavu wa kulia ulimchoma kila akivuta pumzi. Usiku alilowa jasho. Kisha ule mchomo ukakoma, akatangaza kwamba amepona na habari ya hospitali isitajwe tena. Mama hakubishana naye. Alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Nenda kamwite daktari. Mwambie aje kama anapita tu."

Akaja kama anapita tu. Mkoba aliuweka sakafuni bila kuufungua, akaanza uchokozi wao wa siku zote kuhusu timu ya baba, kwamba haina beki hata mmoja wa maana. Siku nyingine baba angewaka. Safari hii alisema, "Huenda," akaegemea mto.

Nadhani ugonjwa daktari aliuona hapo, kwenye hilo neno moja. Mgeni asingeona kitu. Angemwona mzee mpole. Alimshika baba kifundo cha mkono kana kwamba anahesabu mapigo, saa mbele yake, lakini mimi niliyesimama kando niliona macho yanakwenda kifuani. Baadaye aliniambia kwamba mtu akijua unamhesabia pumzi, huzibadilisha. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Baba alikuwa amevuka hapo, na amekaa tu.

"Vua shati, mzee mwenzangu."

Stetoskopu ilisubiri. Kwanza alilaza kidole cha kati cha mkono wa kushoto mgongoni kwa baba, akakigonga kwa ncha ya kidole cha mkono wa kulia, akishuka taratibu. Upande wa kushoto mlio ulikuwa mwepesi mpaka chini. Upande wa kulia ulianza vivyo hivyo, kisha chini ya fupa la bega ukafa ghafla. Akachora mstari kwa kalamu. "Njoo usikie," akaniambia, nami nikagonga kwa vidole vyangu visivyojua kazi: juu ya mstari palilia, chini yake pakawa bubu. (Ufundi wa kugonga kifua aliuchapisha daktari Leopold Auenbrugger kule Vienna mwaka 1761. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, na husimuliwa kwamba wazo alilipata kwa kuona mapipa yakigongwa ili ijulikane mvinyo umefika wapi.)

"Haya ni maji," daktari alisema. "Utando wa pafu na ule wa ndani ya kifua vilikuwa vinasuguana, ndiyo ukachomwa. Sasa maji yamevitenganisha. Maumivu yameondoka kwa sababu ugonjwa umeendelea."

Baba hakujibu. Barua ya rufaa iliandikwa palepale, juu ya goti.

Hospitalini walimpiga eksirei, wakamtoa maji ya manjano kwa sindano, na vipimo vikaonyesha kifua kikuu. Mimi na mama tukapimwa pia. Dozi yake ilikuwa ya miezi 6: dawa nne kwa miezi 2 ya mwanzo, kisha mbili kwa miezi 4. Daktari alimwonya mapema kwamba rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hugeuza mkojo ukawa na rangi ya chungwa. Namjua baba; bila onyo hilo angezitupa dawa siku ya kwanza.

Kufikia mwezi wa tatu alikuwa amenenepa, kikohozi hakipo, akaanza kusema vidonge vinamchosha. Sijui mama alipeleka habari saa ngapi. Daktari aliingia, akaomba pakiti, akaanza kuhesabu vilivyobaki, kimoja kimoja.

"Unanihesabia vidonge kama mtoto mdogo?" baba akawaka.

"Mtoto angekuwa ameshavimeza," daktari akajibu bila kuinua macho. "Shemeji, tuletee maji ya kunywa."